Kwa mama na baba wanaolea mtoto mwenye maradhi ya akili

Wanangu wa Wete, Micheweni, Chake na Mkoani, Assalaamu alaykum.

Leo sikuulizeni hali ya mtoto. Hiyo mnaulizwa kila siku, na wengine wanaouliza ni wambea tu. Nakuulizeni hali zenu nyinyi. Mara ya mwisho kulala usiku mzima ilikuwa lini?

Nakuoneni. Mama anakosa khitma na harusi kwa kuwa hana wa kumwachia mtoto, na akenda naye watu watamkodolea macho. Baba msimu wa karafuu umekwisha lakini bado hashindi nyumbani. Wote mna suala moja kifuani: tumekosa nini? Hamkukosa. Maradhi haya huletwa na mambo mengi yakikutana: urithi, namna ubongo unavyokua, misukosuko ya maisha. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya maradhi ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 18. Nyumba yenu si ya kwanza.

Najua mmesomesha dua, mmenywesha na kombe, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa. Dua endeleeni nayo, nami nakuombeeni. Ila isizuie dawa, kwani Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Mola hakuteremsha maradhi ila kayateremshia na ponyo. Dawa za akili nyingine huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na mtoto akitulia msimwachishe bila ya kauli ya daktari. Mkipewa rufaa ya Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili kule Unguja, pandeni boti watu wazima wawili, mmoja akimshika mtoto, yule wa pili apate kusinzia.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Salman Farsi, sahaba wa Mtume, alimkuta sahaba mwenzake Abu Dardaa anafunga kila siku na anasali usiku kucha, akamwambia nafsi yako ina haki juu yako. Mtume akasema: Salman kasema kweli. Ikiwa ibada haikuachiwa immalize mtu, seuze ulezi? Mama akilala mchana kwa muda wa saa mbili hajamwibia mwanawe kitu.

Upatu mnaujua. Basi chezeni upatu wa saa badala ya pesa. Wazazi wanne au watano wa shehia moja, kila wiki zamu ya mmoja: wenzake wanakaa na mtoto wake asubuhi mpaka alasiri, yeye alale, au ende kwa mamaake, au asifanye chochote. Nasema wenzake, si jirani yeyote, kwa sababu wao hawatashtuka mtoto akipiga kelele, wala hawatakwenda kuyasimulia kisimani. Mwenye zamu awaandikie: dawa gani saa ngapi, kipi kinamtisha, kipi kinamtuliza. Mtoto anayeogopa wageni wamzoee kwanza mama akiwepo. Msimpe kazi hii dada yake wa miaka kumi. Naye ni mtoto. Na akina baba waingie. Kusema natafuta riziki hakutoshi, usiku hakuna karafuu inayochumwa. Wa kuanza ni wawili tu. Mnaonana kliniki kwenye foleni ya dawa, ulizaneni mnakaa shehia gani.

Jengine ni zito. Ukiona wiki mbili zimepita hulali hata pakiwa kimya, chakula hakipiti, huoni raha ya chochote, machozi yanakutoka tu, usijihukumu kuwa imani imepungua. Huenda ni sonona, na ina matibabu. Siku ya kumchukulia mtoto dawa, mweleze daktari na habari zako. Na ikikujia fikra ya kujitoa roho, au ya kumdhuru mtoto, usingoje siku ya kliniki. Mwambie mtu unayemwamini saa hiyo hiyo, akushike mkono mwende hospitali, na mtoto abaki na mwengine mpaka mtakaporudi.

Bibi yenu,
Wete, Pemba