Shamba limerudi kuwa pori? Soma kabla hujatuita matapeli

Mwezi wa pili mwaka huu nilitumiwa picha kwenye simu. Kiwanja cha nyuma ya nyumba, Mikindani huku Mtwara, kijani kibichi mwanzo hadi mwisho, ungedhani mtu kapanda nyasi za uwanja wa mpira. Chini yake maneno machache: "Mwanangu, hela yangu mmekula na pori langu mmeniachia." Picha hiyohiyo ikaenda kwenye kundi la mtaa. Tangu siku hiyo, kila simu ya tatu inayopigwa inaanza na "ninyi ndio mliomfanyia yule mama?"

Ndiyo, ni sisi, vijana wa kufyeka na kusafisha mashamba. Ngoja niseme yote.

Tulifika kwa mama huyo mwezi wa nane mwaka jana. Kiwanja ni kama nusu ekari, anataka bustani ya mchicha na bamia, na miche michache ya maembe na machungwa pembeni. Tukazunguka naye, nikamtajia kazi tatu: kufyeka, kung'oa visiki na kuchimbua magugu ya ndago, kisha kurudi mara mbili mvua zikianza kwa ajili ya palizi. Mama akasikiliza, akacheka. "Nifyekee tu mwanangu. Hayo mengine nitamalizia na mjukuu." Tukafyeka, akalipa 50,000, tukanywa chai, tukaondoka. Mjukuu akarudi shule ya bweni. Mama akaita trekta lenye haro, zile sahani za chuma zinazokata udongo, liugeuze, kwa nia njema kabisa, na hapo ndipo ndago zikapata sherehe.

Wateja wengi wanaijua ndago kwa jina, hawajawahi kuiangalia. Siku hizi kabla sijataja bei ninachimba moja mbele ya mwenye shamba. Juu unaona majani matatu manne membamba yanayong'aa, hayana makuu. Ingiza jembe taratibu, nyanyua na udongo wake, pukuta. Utaona kijitunguu cheusi, ukubwa wa njugu mawe ndogo, kimeshikwa na kamzizi kagumu kama waya. Fuata waya, unakuta kingine. Na kingine. Kwenye udongo wetu wa kichanga nimewahi kuvuta tisa kutoka kwenye shina moja, vimepangana kama shanga. Sasa pitisha haro hapo. Umekata waya, na kila shanga iliyokuwa imelala inaamka kuwa mmea wake. Mama alikuwa na ndago, trekta likampa mara tano ya alizokuwa nazo.

Sisi tunazichimbua mwishoni mwa kipupwe, mwezi wa nane na wa tisa, kwa makusudi. Ardhi imekauka, mvua bado ziko mbali. Tunatumia jembe la meno linaloinua bila kukata, tunapiga reki, tunaanika vijitunguu juani kama mtu anavyoanika mhogo. Vikikauka vinakufa. Baada ya wiki mbili tunavikusanya kwenye viroba na kuondoka navyo. Havitupwi kwenye mboji yako wala kwa jirani (imewahi kutokea, na nilikwenda kuomba radhi mwenyewe). Hutazimaliza zote. Mvua za mwezi wa kumi na mbili zikigusa ardhi, zilizobaki zitachungulia, na sharti tuzing'oe kabla hazijatimiza mwezi, maana zikishatimiza zimeanza kuzaa vijitunguu vipya huko chini. Ndiyo maana kwenye hesabu yetu kuna kurudi mara mbili, na hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho mteja anakikata.

Tuongee hela sasa, kwa sababu najua ndilo linalowaumiza. Kijana wa kijiweni atakufyekea ekari kwa 60,000. Sisi kufyeka peke yake ni 90,000, na kazi kamili ya ekari yenye visiki na ndago ni 720,000. Watu wanaguna. Haya, piga hesabu pamoja nami: vijana sita kwa siku sita, kila mmoja 15,000 kwa siku, hiyo ni 540,000. Kurudi mara mbili, vijana wawili wawili kwa siku moja, 60,000. Kirikuu la kubeba visiki na viroba, 40,000. Inabaki 80,000, na humo ndimo yanamonunuliwa mapanga, mafyekeo, mipini ya sururu inayovunjika kila wiki, gambuti, na mimi mwenyewe. Anayesema tunatajirika aje tushike sururu wote siku moja, saa sita mchana.

Kuhusu trekta na mashine kubwa sitaki kusema mengi, ila wazee wa Nachingwea wanalo la kusimulia. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao wa karanga, Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Walikuja na mabuldoza wakaamini pori litalala siku moja. Vyuma vikavunjika kwenye visiki na mizizi, na mwaka 1951 wakaacha, pauni milioni 36 zimekwenda. Tulichobaki nacho ni bandari ya Mtwara, maana hata reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo ilifungwa na kung'olewa miaka ya 1960. Kwa hiyo mteja akiniambia "nitaleta buldoza, kwisha habari," huwa nakaa kimya.

Njia ya mkato inayopendwa kuliko zote ni moto. Kiberiti ni bei rahisi, nakubali. Lakini kipupwe ndio wakati wa kusi, majani yamekauka, na moto uliowashwa saa nne asubuhi Nanyamba hauulizi mpaka wa shamba uko wapi. Tuliwahi kuitwa kwenye shamba la ekari tatu ambalo mwenyewe alichoma "kidogo tu pembeni." Mikorosho kumi na moja ilibabuka magome upande mmoja. Mwanzoni ilionekana mizima, majani yapo. Mvua zilipokuja magome yakapasuka, minne ikafa kabisa. Na chini? Visiki vilikuwa hai, vikachipua kwa nguvu mpya. Alitulipa sisi kazi ileile ambayo angeilipa mwanzoni, akamlipa na jirani mihogo yake.

Njia ya pili ni dawa. Sisi si maadui wa dawa, tunayo. Ila glaifoseti inanyonywa na jani bichi linalokua, ndipo inashuka mizizini. Ukiipulizia mwezi wa nane kwenye majani yaliyojaa vumbi na kiu, umeosha majani tu. Ukaichanganya na maji ya bwawani yenye tope, udongo uliomo kwenye maji umeshaishika dawa kabla haijafika popote. Halafu kuna suala la bomba la kupulizia. Kijana mmoja alipulizia dawa ya magugu ya majani mapana shambani kwa baba yake, akasuuza bomba mara moja, wiki iliyofuata akaweka dawa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, kwenye bomba hilohilo na kupulizia maua ya korosho. Maua yakajikunja kama yamemwagiwa maji ya moto. Alimlaumu mwenye duka la pembejeo mpaka wakakaribia kushikana mashati. Mimi niliomba bomba, nikafungua kifuniko, nikanusa ile dawa ya magugu, nikamrudishia. Nunua mabomba mawili, moja lipake rangi nyekundu. Basi.

Nusu ya wateja wetu lakini hawana shida ya bustani. Wana shamba la korosho la marehemu baba, wako Dar es Salaam, na safari ya mwisho walikuwa wanafunzi. Mapori mengi ya namna hii yana historia ndefu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, mashamba yakabaki mbali, ubwiriunga ukaingia, na kufika 1986/87 hata tani 20,000 hazikufika. Mikorosho mingine tunayoikuta imefunikwa na vichaka ni ya wakati huo. Na bado inazaa ikipewa nafasi! Nimeona mkorosho ambao watu wawili hatukuweza kuukumbatia, tukautoa kwenye vichaka, mwaka wa pili ukatoa mzigo wa kujaza toroli mara mbili.

Hapo kuna jambo wateja hawalipendi: kupogoa kuna wakati wake. Mkorosho unatoa maua kwenye ncha za matawi, zile zinazoona jua. Tunapogoa baada ya mavuno, mwezi wa kwanza mpaka wa tatu. Tunakata matawi yaliyolala chini, yaliyokufa, na maotea yanayojitokeza kwenye shina na ndani ya mti. Maotea hayo ndimo ubwiriunga unamojificha kutoka msimu hadi msimu, wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wamelisema hilo miaka nenda rudi. Kufikia mwezi wa tano chini ya mti pawe peupe, upepo upite. Kichaka kinatunza umande na ubaridi, na ubwiriunga haujui raha nyingine zaidi ya hiyo. Utaukuta asubuhi umetanda kwenye maua kama mtu kapukuta mikono yenye unga. Tena mpuliziaji wa salfa, dawa ya unga ya ubwiriunga, anatakiwa kupita alfajiri, umande upo na upepo umetulia. Kukiwa na kichaka chenye miiba atapulizia akiwa njiani, upande mmoja wa mti, na wewe utalipia miti yote ishirini na nane ya ekari.

Sasa kaka mmoja alikuja likizo mwezi wa saba. Akaona mikorosho imeshukisha matawi, akasema, "Ninyoeni yote, nataka nione mpaka upande wa pili." Nikamwambia kaka, maua yameshatoka, tukikata sasa tunakata korosho zako. Tufyeke chini tu, mengine mwezi wa kwanza. Akaona namkwepa kwa sababu ya bei. Akapata wengine, wakanyoa. Shamba likapendeza kweli, alipiga picha. Mwezi wa kumi na moja msimamizi wake alinunua viroba kumi, akajaza viwili, tena kutoka kwenye miti ya bondeni ambayo wale vijana hawakufika kwa kuogopa nyoka.

Wala siwacheki kwa kuogopa. Vifutu tunakutana navyo.

Upupu nao una bei yake, na safari hii nasema mapema. Maganda yake yanakomaa kipupwe hikihiki, zile nywele za kahawia zinapeperuka kwa upepo mdogo tu. Kijana wetu mmoja huko Mchinga aliuvuta kwa pupa mchana, akakimbilia baharini. Bahari haikumsaidia, ni bibi mmoja aliyemsugua majivu mwili mzima ndipo akatulia. Tangu hapo upupu tunaufuata alfajiri, umande ukiwa umelaza zile nywele, na jua likichomoza tunahamia upande mwingine wa shamba. Mteja akija saa nne akatukuta tumeuacha anadhani tumetegea. Ukitaka kuepuka gharama hiyo, tuite mwezi wa tatu, kabla haujafunga maganda.

Na tafadhali, kabla hatujaingia shambani uliza wazee. Mingoyo tulifyeka mpaka kwenye mwembe mkubwa, kijana akagonga kitu: bakuli la udongo lililovunjika na mawe mawili yamesimama. Kaburi. Tukaweka mapanga chini. Mwenye shamba kwenye simu anasema endeleeni, siku zinakwenda, mimi nasema hapana, tafuta mkubwa wa familia. Akaja babu mdogo jioni, akapiga dua, akatuonyesha na mengine mawili ambayo hata mwenye shamba hakuyajua. Siku moja ilipotea. Hiyo sikuitoza.

Kwa waliopanda miche msimu uliopita, kipupwe kinavyoisha ndipo inapokufa, kwa kuwa jua linapanda na mvua hakuna. Kikombe cha maji kila jioni kinalowesha vumbi tu. Mpe mche ndoo nzima mara mbili kwa wiki, taratibu, ishuke chini. Weka matandazo ya majani makavu, lakini yaache mbali na shina kwa kiganja kizima, la sivyo mchwa watakuwa wamejengewa nyumba. Mbolea ya dukani isubiri mvua. Miembe yenye maua usiiguse na panga.

Mama wa Mikindani amepiga simu juzi. Hakuomba radhi na mimi sikuidai. Aliuliza lile jembe la meno tunaliuza shilingi ngapi, nikamwambia mama, jembe haliuzwi, linakuja na vijana. Kimya kidogo. Akasema tumkute Jumamosi asubuhi, ila safari hii chai tuje nayo.