Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu wa Tanzania: Hukumu za Jaji Mwalusanya zitafsiriwe

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Kwa heshima na taadhima, naleta kwako ombi la kutafsiriwa kwa Kiswahili hukumu za Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, hasa zile alizozitoa baada ya Machi 1988, haki za msingi zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 zilipoanza kudaiwa mahakamani.

Iliyo karibu nasi zaidi wa Kagera ni ya shauri la Ephraim dhidi ya Pastory. Mwanamke wa Kihaya aliyerithishwa ardhi na baba yake kwa wosia aliiuza mwaka 1988 kwa Sh. 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo, na mpwa wake akafungua shauri ili mauzo yabatilishwe, akitegemea Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, ambalo humruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini si kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi, Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikaupindua, na mpwa huyo akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza. Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliitupa rufaa hiyo, akaamua, kwa kutegemea ibara ya 13 ya Katiba, inayokataza ubaguzi, pamoja na mikataba ya kimataifa ambayo nchi imeiridhia, kwamba mwanamke ataiuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume.

Shauri hili lilianzia Mahakama ya Mwanzo, inayoendeshwa kwa Kiswahili, ilhali hukumu hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Mjane anayebishana na shemeji zake anaisikia kwa kusimuliwa, ikiwa atabahatika kumpata wa kumsimulia. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na sioni kwa nini manufaa yake yaishie kwenye hukumu mpya tu.

Naomba pia tafsiri hizo zioneshe kilichotokea katika rufaa. Katika shauri la Daudi Pete, Jaji Mwalusanya alibatilisha kifungu kilichowazuia baadhi ya washtakiwa kupata dhamana, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye mwaka 1991. Katika shauri la Mbushuu, mwaka 1994 huko Dodoma, aliamua kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba, akawapa waliotiwa hatiani kifungo cha maisha, uamuzi ambao Mahakama ya Rufani iliutengua mwaka 1995. Wengi hukomea hapo wanapolisimulia shauri hilo, na kwa maoni yangu hawamtendei haki yeye wala Mahakama ya Rufani, kwa sababu majaji wa rufaa walikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, wakatofautiana naye kwa kuwa waliona ibara ya 30(2) ya Katiba, inayoruhusu sheria kuziwekea mipaka haki za msingi kwa maslahi ya umma, inairuhusu. Anayemwona Mwalusanya kuwa mwanaharakati aliyevaa joho azisome hukumu zote mbili kwanza.

Najua tafsiri ya kisheria ni kazi ghali, na neno moja lililokosewa laweza kuzua shauri jingine. Kwa hiyo napendekeza kazi ianze na hukumu hizi tatu pamoja na maamuzi ya rufaa yake, zihakikiwe na majaji wenyewe, ziwekwe kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, kisha nakala zilizochapishwa zipelekwe Mahakama za Mwanzo, zikianzia za mkoa wetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi wa Muleba, Kagera