Mche wa kahawa unaotanda chini hauna jeni mbovu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kauli iliyokwisha zoeleka miongoni mwetu wakulima wa Luweero, kwamba mche wa kahawa ukikua vibaya basi jeni zake ni mbovu. Niliambiwa hivyo na mwenye kitalu mmoja, ambaye sitamtaja, nilipomrudia kulalamika kwamba katika miche ya robusta aliyoniuzia, kumi na tisa ilikataa kusimama: ilitanda chini kama viazi vitamu, ikatoa matawi huku na huku bila shina, na hata nilipoifungia vijiti haikwenda juu.

Nilimwomba anionyeshe alikokata vikonyo vyake, yaani vipande vya mti vinavyooteshwa mizizi kuwa miche. Mti mama ulikuwa mzuri, umenyooka na umebeba. Lakini mbali na machipukizi ya wima yatokayo kwenye shina, ambayo ndiyo yanayopaswa kukatwa, niliona makovu mabichi ya kisu kwenye matawi ya ubavuni pia. Machipukizi yalimwishia, akajazia kwa matawi. Kikonyo cha tawi la ubavuni hutoa mizizi, lakini huendelea kukua kama tawi mwaka nenda mwaka rudi, ingawa jeni zake ni zilezile za mti mama. Jeni hazikuwa na kosa lolote. Seli ndizo zilizokumbuka zilikotoka.

Kumbukumbu ya seli ya namna hii ndiyo inayochunguzwa na elimu ya epijenetiki, nami nakiri kwamba sisi walimu wa biolojia mara nyingi tunaishia kwenye DNA, molekuli inayobeba jeni, kana kwamba kuwa na jeni na kuitumia ni jambo moja. Ndani ya kiini cha seli DNA haikai wazi. Huzungushwa, kama uzi kwenye bobini ya cherehani, juu ya mafungu ya protini ziitwazo histoni, nane kwa kila fungu, na kila fungu hubeba jozi za besi, yaani herufi za DNA, zipatazo 147. Histoni hizo zina mikia inayochomoza nje, na kwenye mikia hiyo vimeng'enya hubandika na kubandua alama za kikemikali. Alama ya asetili hulegeza mshiko wa histoni, jeni ikasomeka. Alama tatu za methili zikiwekwa kwenye laisini, asidi ya amino iliyo ya 27 katika histoni iitwayo H3, jeni hunyamazishwa, na seli inapogawanyika ukimya huo unaweza kurithiwa na seli zinazotokana nayo, bila hata herufi moja ya DNA kubadilika.

Jambo hili limechunguzwa kwa kina katika Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wa jamii ya kabichi. Una jeni iitwayo FLC inayozuia kuchanua. Mwaka 2004, kundi la Richard Amasino huko Marekani na lile la Caroline Dean huko Uingereza yalionyesha kwamba majuma ya baridi huifunga jeni hiyo kwa kubadilisha alama za histoni zake; joto likirudi, jeni hubaki imefungwa na mmea huchanua. Linalonigusa zaidi ni kwamba kifungo hicho hufunguliwa tena mbegu inapoundwa, hivyo kila kizazi huanza upya kuhesabu baridi yake. Hapa Uganda hatuna majira ya baridi kama ya huko, lakini DNA ya kahawa na ya matoke nayo imezungushwa kwenye histoni zenye mikia ya aina hiyohiyo.

Kwa hiyo nawasihi maafisa ugani wanaokagua vitalu wasiridhike kuuliza aina ya mti mama pekee, bali waulize pia kikonyo kimekatwa sehemu gani ya mti, na wakulima waelezwe sababu yake kwa lugha wanayoielewa, kwa kuwa mche ukiwa bado mdogo ndani ya mfuko si rahisi kwa mnunuzi kuutambua, na anapokuja kuutambua huwa ameshapalilia na kutia samadi. Jirani yangu mmoja, mjane, alikwisha kuamini kwamba ardhi yake imelaaniwa. Nilipomwonyesha tawi na chipukizi kwenye mti mmoja, alivishika vyote viwili kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia kabla hajalipa.

Mimi nimeshaing'oa ile kumi na tisa, na mashimo yake yanangoja mvua za Machi.

Mwalimu wa biolojia na mkulima wa kahawa,
Bombo, Luweero