Dada, mwembe niliukata mimi

Dada yangu,

Video yako ya juzi nimeiona. Huku Mikindani ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, kwenu Uingereza saa kumi alfajiri, maana tangu mlipozungusha saa zenu Machi tunapishana saa mbili tu. Haionyeshi kitu, giza la dirisha na paa la jirani, lakini sauti inasikika: yule ndege wenu mweusi mwenye mdomo wa njano, anayeanza kuimba kabla watu hawajaamka. Umeandika, "Majira ya kuchipua yamefika." Nimemsikiliza mara tatu. Anaimba, siwezi kusema uongo. Halafu chini yake ukaongeza, "Mama angempenda."

Hapo simu nikailaza kifudifudi.

Naandika hapa mbele za watu kwa sababu kwenye kundi la familia ukiguswa kidogo unatoka, kisha shangazi wananipigia mimi.

Ulifika siku ya tatu. Hitima imeshasomwa, masufuria yanaoshwa, kina mama wamekaa kwenye majamvi wakikungoja waanze kulia upya pamoja nawe. Ukashuka kwenye bajaji, begi bado liko mkononi, ukasimama penye kisiki. "Mwembe uko wapi?" Hukusema poleni. Hukuuliza mama alikata roho saa ngapi, wala nani alimshika mkono. Mwembe! Mama mdogo alikwisha inuka kukukumbatia, akabaki kasimama mikono wazi. Ile mikono naiona mpaka leo.

Siku ile nilinyamaza, na kunyamaza kwangu ukakufanya ushahidi. Basi nikueleze.

Bundi alianza kulia kwenye ule mwembe Februari. Mimi hayo mambo siyaamini, na unajua. Bundi anakula panya, na stoo yetu ya korosho ilikuwa inamhitaji kuliko paka wote wa mtaa. Lakini wewe hukuwa unalala chumba cha pili. Hukuwasikia majirani wakiingia asubuhi na kuuliza, "Jana kalia tena?" mbele ya mgonjwa, kama wanaouliza habari za mvua. Hukumwona mama akijifunika kanga usoni. Nilikupigia. Ulikuwa kazini, ukasema kwa haraka, "Fanyeni lolote mnaloona litamsaidia." Nikafanya. Sasa unaniandikia kuhusu makazi ya ndege, mimi niliyekuwa namgeuza mama kitandani kila baada ya saa mbili.

Sisemi kwamba ndege si kitu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuwatazama, tukiwa tumelala chali chini ya ule mnazi wa kwera: dume anafuma, jike anakuja kukagua, akikataa dume anabomoa kiota chote na kuanza upya. Ulicheka mpaka ukashika mbavu, ukasema waposaji wako watakiona. Na walikiona kweli, maskini.

Mama naye hakuwa na kazi nyingine mwisho wake. Kitanda tulikisogeza dirishani. Chozi akija kwenye ua la mgomba, ananiita. Dudumizi akilia, "Anueni nguo," na nusu ya siku hizo mvua ilinyesha kweli. Machi mbayuwayu wakajipanga kwenye nyaya za umeme, wengi, wakijiandaa kuondoka. Mama akasema, "Hao wanakwenda kwa dada yako." Baadaye nimesoma kwamba mbayuwayu wa Uingereza wengi wao hukaa Afrika Kusini wakati wa baridi ya huko, kwa hiyo wale wa nyaya zetu huenda walikuwa safari ya nchi nyingine kabisa. Kila jioni aliwahesabu kwa niaba yako. Hata ningekuwa najua, nisingemwambia.

Ushauri wangu ni mmoja. Njoo Oktoba, watakuwa wamerudi, ukae barazani wiki mbili bila kupiga video. Chai nitapika, mhogo upo. Ukikaa na watu ndipo utakapojua kwa nini mtu mwenye akili zake anaazima shoka. Si kwamba nataka uniambie nilifanya sawa. Lakini ukisema nilifanya sawa sitakukatalia.

Maana bundi alihamia tu kwenye mkwaju ulio nyuma ya msikiti. Usiku uleule alilia. Uani kwetu wakabaki kunguru, hawa hawa ambao wazazi wao waliletwa Zanzibar kutoka India, wakavuka bahari kuja kutuchafulia mapaa.

Na asubuhi yake, nikiwa nafagia majani, mama aliita kutoka ndani, "Mbona shore hawalii leo?"

Nikamjibu, "Mvua, mama."

Jua lilikuwa limeingia mpaka kitandani kwake. Kabla ya hapo mwembe ulikuwa unalizuia.