Machalii wa koding wafundishwe dibaga, sio kuprinti tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Kila siku tunasoma vijana wajifunze koding, vijana wajifunze koding, sawa nakubali, ila sijaona anayesema programu ikishagoma unafanyaje, wala anayetaja dibaga, yaani programu ya kusimamisha programu nyingine ikiwa inatembea ili uichungulie ndani. Mimi nina kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Ngarenaro, Arusha, jioni machalii wa vyuo wanapita kuchaji laptop na kuuliza maswali, na karibu wote dawa yao ni moja tu, programu ikizingua wanajaza printf (amri ya C ya kuandika ujumbe kwenye skrini) kila kona, wanakompaili, yaani wanageuza msimbo uwe programu, wanaangalia kimetoka nini, wanaongeza nyingine. Kwa zoezi la darasani inatosha. Sasa mpe msimbo wa edita, programu ya kuandikia maandishi kama Vim, uone kazi.

Edita ya kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) yenyewe ndo inachora skrini nzima, kila herufi na kila mstari inajua imeuweka wapi. Wewe ukiprinti ujumbe wako katikati unaangukia juu ya maandishi, kursa inahama, mistari inasukumwa chini, na hapo huwezi tena kujua kipi ni bagi (kosa) ya edita na kipi umekileta mwenyewe. Wajuaji watasema andika kwenye faili la pembeni, haya, inawezekana, ila kila ukipata swali jipya inabidi uongeze mstari ukompaili upya uanze tena safari, wakati kwenye dibaga programu inasimama palepale unaihoji vile unavyotaka.

Kuhusu kuchagua dibaga, watu wanahangaika bure na sura. Dibaga inaenda na mfumo wako na kompaila yako, basi. Ukiwa Linux chukua GDB, aliianzisha Richard Stallman mwaka 1986, ni ya bure na ni megabaiti chache, bando haliumii. Mwenye Mac atumie LLDB kwa sababu inakuja na vifaa vya Apple vya waprogramu, GDB kule lazima uisainie cheti ndo ikubaliwe kugusa programu nyingine, usumbufu mtupu. Wa Windows wana ile ya Visual Studio. Hiyo VS Code wanayoipenda vijana, kwa msimbo wa C kwenye Linux inaita GDB hiyohiyo kwa nyuma, na kwenye laptop ya mtumba yenye RAM ya GB 4 utasikia feni inalia. Vim nayo tangu toleo la 8.1 la mwaka 2018 ina Termdebug ndani yake, unaandika :packadd termdebug halafu :Termdebug, unaona msimbo na dibaga pamoja.

Kuifunga dibaga kwenye edita sasa, yaani kuziunganisha, hapa ndo wengi wanakwama. Kwanza ukompaili na -g (inabakiza majina na namba za mistari) pamoja na -O0 (inazuia kompaila kupangua msimbo). Ukiiacha -O2 imewashwa kompaila inapangua msimbo ili uende kasi, ukiuliza thamani ya kitu unajibiwa "optimized out", chalii anadhani dibaga mbovu. Kwenye Vim fungua src/Makefile, faili la maelekezo ya kukompaili, mistari ya dibaga ipo imezimwa kwa alama ya reli (#), iwashe, na usitumie Vim inayotoka kwenye make install (amri ya kuiinstoli) maana inakwanguliwa majina ya fankisheni yote, endesha src/vim moja kwa moja. Emacs, edita nyingine, wao wamekuwekea faili la etc/DEBUG la maelezo na src/.gdbinit inayoifundisha GDB kusoma vitu vya Lisp, lugha ya ndani ya Emacs, ila GDB inagoma kulipakia faili hilo la .gdbinit mpaka uiruhusu folda kwa add-auto-load-safe-path.

Pili, usiwashe edita na dibaga kwenye dirisha moja la terminali, watagombania kibodi kama abiria wa hiace stendi. Fungua mawili. La kwanza Vim, la pili tafuta namba ya prosesi (programu inayotembea) kwa pgrep vim halafu gdb -p na hiyo namba. Ubuntu itakukatalia, itasema "Operation not permitted", usiogope, ni ulinzi wa kernel (kiini cha mfumo) unaoitwa ptrace_scope uko kwenye 1, weka sudo (ruhusa ya msimamizi) mbele au ushushe uwe 0 ukimaliza urudishe, maana umewekwa kwa sababu. Kwa Neovim, ndugu wa Vim, pgrep itakuletea namba mbili, moja inachora skrini na nyingine ndo inafanya kazi, wewe ingia kwenye ile yenye --embed.

Ukishaingia andika break insertchar, yaani isimame ikifika fankisheni ya kuingiza herufi, kisha continue iendelee, rudi dirisha la kwanza bonyeza i halafu herufi yoyote. Vim inaganda. Nenda kwenye GDB andika bt, aisee, unaiona njia yote ambayo herufi yako imepita, na humo utakuta main, main_loop, normal_cmd, edit, mpaka insertchar. Nimeona mwanafunzi wa mwaka wa tatu akikaa kimya akiisoma hiyo orodha, maana vitu alivyokariri kuhusu staki (orodha ya fankisheni zilizoitana) kwa ajili ya mtihani vilikuwa vimepangwa mbele yake na majina ya faili na namba za mistari.

Anayeona Vim ni msitu aanze na kilo ya Salvatore Sanfilippo ya 2016, edita nzima iko kwenye faili moja la C, kama mistari elfu moja hivi. Wa Vim wavute msimbo kwa git clone --depth 1 ili wasibebe historia yote tangu enzi, bando ni hela. Tena Vim ina undugu na sisi, Bram Moolenaar aliyeitoa mwaka 1991 na kufariki 2023 aliweka kwenye skrini ya kwanza ombi la kusaidia watoto wa Uganda, na wengi wanaipita bila kuisoma.

Sasa kuna kozi moja hapa mjini, silitaji jina, inachukua ada nzuri tu na kwenye ratiba yake nzima dibaga haimo hata saa moja. Ndo maana nimeandika. Mhariri tunaomba safu yenu ya teknolojia iligusie hili kwa Kiswahili, na kama kuna msomaji wa Arusha au Moshi anayetumia LLDB kwenye Mac atuandikie humu anavyoifunga, maana vijana wawili wameniuliza na mimi kibandani Mac huwa nazibadilisha betri tu.

Fundi kompyuta,
Ngarenaro, Arusha