Barua ya wazi kwa Waziri wa Kaunti ya Kilifi anayehusika na Nyumba: Anayeshika funguo ndiye akaguliwe

KUH: REKODI ZA JINAI ZA WAOMBAJI WA LESENI ZA KUKODISHA NYUMBA

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mpangaji katika mtaa wa Maweni, Malindi. Naomba kaunti itakapoandaa utaratibu wa leseni kwa wanaokodisha nyumba za kuishi, mwombaji atakiwe kuonyesha cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, na cheti hicho kidaiwe kwanza kwa mtu anayeshika funguo, wala si kwa mwenye jina kwenye hatimiliki peke yake.

Anayetafuta chumba hapa mjini hudaiwa nakala ya kitambulisho, nambari ya simu ya mwajiri na amana ya mwezi mmoja au miwili. Yeye hana ruhusa ya kuuliza chochote. Katika ploti nyingi milango hutazama ua mmoja, bomba na choo ni vya pamoja, na msimamizi hutembea na rundo la funguo za akiba kiunoni. Wapangaji wengi hufanya kazi hotelini, hurudi usiku wa manane, na watoto wao hubaki na shangazi au hubaki peke yao. Jirani yangu mmoja alirudi akakuta kitasa kimefunguliwa bila kuvunjwa na godoro limeinuliwa. Alipouliza, akaambiwa kwamba msimamizi alikuwa anaangalia paa linalovuja. Huenda ilikuwa kweli. Hata hivyo, katika ploti nzima hakuna aliyejua msimamizi huyo alitoka wapi, wala kama aliwahi kuhukumiwa kwa kosa lolote.

Mwenye nyumba hiyo haishi Malindi. Wamiliki wengi wako Nairobi, Mombasa au Italia, na cheti chao, hata kikiwa safi namna gani, hakimwambii mpangaji lolote kuhusu mtu anayegonga mlango wake tarehe tano ya mwezi. Wales walilitambua jambo hili katika sheria yao ya nyumba ya mwaka 2014: mwenye nyumba husajiliwa, lakini leseni, ambayo hudumu miaka 5, hutakiwa kwa yule anayepangisha na kusimamia nyumba, awe ni mwenyewe au wakala wake, na ndiye anayepimwa kama anafaa. Uskoti nako, chini ya sheria ya mwaka 2004, halmashauri hutazama kama mwombaji amewahi kuhukumiwa kwa ulaghai, ukatili, dawa za kulevya au makosa ya kingono, kisha hupima uzito wa hukumu hiyo badala ya kumkataa papo hapo.

Kwa Malindi kuna jambo la ziada. Cheti cha Idara ya Upelelezi hutolewa baada ya alama za vidole kulinganishwa na kumbukumbu zilizoko Kenya. Mgeni aliyeishi ng'ambo maisha yake yote na kuja hapa kununua jumba la kukodisha kwa watalii atapata cheti safi hata kama huko kwao ana hukumu nzito. Huyo atakiwe kuleta pia cheti cha nchi yake. Utafiti uliofanywa na serikali pamoja na UNICEF mwaka 2006 kuhusu watoto wanaotumiwa kingono katika Pwani uliitaja Malindi waziwazi, kwa hiyo si suala la kuonea haya mbele ya wawekezaji.

Kwa upande mwingine, nisingependa ukaguzi huu ugeuke rungu. Kuna ajuza wa Shella anayekodisha vyumba viwili vya nyumba yake ya Kiswahili ili apate mkate. Kama aliwahi kutozwa faini kwa kuuza pombe ya mnazi bila kibali, hilo halihusiani na usalama wa mpangaji wake. Sheria iyataje makosa yanayohusika, iweke kikomo cha miaka kwa yale mepesi, na imwache nje ya hesabu mtu ambaye kesi yake bado haijaamuliwa. Anayenyimwa leseni apewe sababu kwa maandishi, kama Kifungu cha 47 cha Katiba kinavyoagiza, na apate mahali pa kukata rufaa.

Kuhusu gharama, ada ya cheti kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ni shilingi 1,050, na tunajua fika kwamba itaongezwa kwenye kodi yetu. Kaunti yaweza kuipunguza kutoka katika ada ya leseni kwa wenye vyumba vichache. Vilevile, ofisa akishakiona cheti aandike nambari yake na tarehe, kisha akirudishe, kwa sababu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haiafiki rekodi ya mtu kulala kwenye faili ambalo kila apitaye kaunta anaweza kulifunua.

Mwisho, Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Tunaomba mswada huo uandikwe kwa Kiswahili pia, na mikutano ya kukusanya maoni isiitishwe saa nne asubuhi siku ya kazi, kwani saa hiyo wapangaji huwa kazini na ukumbi hujaa wenye nyumba watupu.

Wako mwaminifu,
Mpangaji, Maweni, Malindi