YAH: Mauntingi za injini za Altezza SXE10 zisizolingana na oda yetu

Mafundi wa gereji,
Nyakato, Mwanza.

Meneja Mauzo,
Duka la Spea,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tuliagiza kwenu seti ya mauntingi 3 (vishikizo vinavyobeba injini na giaboksi na kuzuia mtetemo usifike kwenye bodi) za Toyota Altezza RS200: mbili za injini na moja ya giaboksi. Kwenye oda tuliandika chesisi SXE10, injini 3S-GE, giaboksi ya gia 6 yenye klachi, na neno "mpira" tuliliandika mara mbili ili lisipotee. Mzigo ulipofika stendi ya Nyegezi, mauntingi ya giaboksi ilikuwa sahihi. Zile mbili za injini si mpira. Ni poliurethani nyeusi, aina ya plastiki ngumu kuliko mpira, ndani ya boksi lililoandikwa kuwa ni mpira wa kiwango cha kiwandani, na mmetutoza bei hiyohiyo ya mpira.

Hatukuamini macho peke yake. Tulizipima kwa durometa, kifaa cha kupimia ugumu, sehemu 3 kila moja, zikasoma 90 hadi 92 kwa kipimo cha Shore A, ambacho namba ikiwa kubwa ndivyo kitu kilivyo kigumu. Mpira mpya wa mauntingi za gari la barabarani kwa kawaida husoma kama 50 hadi 60. Poliurethani si kitu kibaya: haiharibiwi upesi na oili inayovuja, na kwenye gari la mashindano huizuia injini isiyumbe. Lakini mteja wetu anaendesha gari kwenda kazini, na hakuiomba.

Tulipolalamika kwamba gari linatetemeka, mhudumu wenu alitujibu kwa simu kwamba "zitazoea". Hazizoei. Poliurethani ya ugumu huo hailainiki kwa kutembea. Akashauri tupandishe sailensi, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama. Kutoka mizunguko 750 hadi 950 kwa dakika mtetemo unapungua kweli, ila mteja anachoma petroli zaidi kila anaposimama kwenye foleni ya Buzuruga, na ubovu unabaki palepale.

Akasema pia huenda tumefunga vibaya. Jeki yenye kipande cha mbao juu yake iliwekwa chini ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), bolti zote zikaachwa zimelegea, injini ikawashwa ikakaa yenyewe mahali pake, ikazimwa, ndipo bolti zikakazwa kwa spana ya kupimia mkazo. Ukikaza mauntingi moja kwanza huku nyingine zinaning'inia, mpira unabaki umejikunja na gari litatetemeka hata kwa spea nzuri. Kosa hilo tunalijua na hatukulifanya.

Tatizo la pili limejificha zaidi. Mpira hubonyea kidogo chini ya uzito wa injini, na urefu wa mauntingi ya kiwandani umehesabiwa pamoja na kubonyea huko. Za kwenu zina urefu uleule zikiwa mezani, lakini zikibeba injini hazishuki. Mbele ya injini ilibaki juu kwa milimita 5, na pembe ya propela shafti, inayopeleka nguvu kwenye matairi ya nyuma, ilibadilika nayo. Juu ya mtetemo wa sailensi, kulikuwa na mvumo ulioanza kwenye kilomita 80 kwa saa. Halafu mauntingi ya giaboksi, ambayo ni mpira laini, ndiyo pekee inayokubali kucheza, kwa hiyo inavutwa zaidi. Gari likiachwa hivyo, hiyo ndiyo itakayochanika kwanza, na lawama zitatuangukia sisi.

Tunaona chanzo kiko kwenye orodha yenu ya bidhaa. Mna mstari mmoja tu: "Altezza 1998–2005". Mwaka hautoshi. Altezza ziko za chesisi mbili: GXE10 ina injini 1G-FE ya silinda 6, SXE10 ina 3S-GE ya silinda 4. Kwa mizunguko 750 kwa dakika, silinda 6 hutoa mapigo 37 na nusu kila sekunde, silinda 4 hutoa 25 tu. Mapigo yakiwa ya polepole ndivyo yanavyohitaji mauntingi laini ili yasifike kwenye bodi. Kwa hiyo mauntingi ngumu ambayo mwenye GXE10 anaweza kuivumilia, kwenye SXE10 inatikisa usukani, kioo cha ndani na dashibodi nzima. Muuzaji anayemuuliza mteja mwaka wa gari badala ya namba ya chesisi atakosea tena, na atakayelipia kosa ni mtu aliye kilomita zaidi ya 1,000 kutoka dukani.

Tunaomba mauntingi mbili za injini za mpira kwa ajili ya 3S-GE, zenye tarehe ya kutengenezwa inayosomeka, kwa sababu mpira uliokaa stoo miaka mingi hukauka na kupasuka hata kabla ya kufungwa. Gharama ya kurudisha hizi na kuleta hizo kwa basi iwe yenu. Hizi tumezitoa kwenye gari na kuzisafisha. Zina alama za bolti tu. Picha za durometa, boksi na oda tumezituma kwenye simu ya duka.

Tunaomba pia orodha yenu itenganishe SXE10 na GXE10, na kila mauntingi iandikwe ni mpira au poliurethani na ugumu wake.

Tunasubiri jibu ndani ya siku 14. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo, na tusipopata jibu tutapeleka shauri hili Tume ya Ushindani. Gari la mteja liko juu ya mawe hapa gereji, bila mauntingi za injini.

Wenu,
Mafundi wa gereji, Nyakato